Dawa Ambayo Hesabu Ingeikataa



Imeenea habari katika miaka hii ya karibuni, nusu yake ya kweli na nusu yake imetiwa chumvi, kwamba kompyuta sasa yaweza kuchora umbo la protini yoyote ya kiumbe chochote, mkubwa kama tembo au mdogo kama bakteria asiyeonekana kwa jicho, na kwamba kwa hiyo mtafuta dawa wa zama zijazo hatakuwa na haja ya kusumbuka miaka na mikaka maabarani, bali ataketi mbele ya kioo, aitazame sura ya adui aliyemkusudia, na aiundie dawa ya kuikabili kabla chai yake haijapoa. Nusu ya kwanza ya habari hii ina ukweli mwingi kuliko watu wanavyodhani. Nusu ya pili yataka mizani, na mizani niliyoichagua usiku huu ni dawa moja ambayo hakuna zahanati kutoka Lamu hata Kigoma isiyoijua: aisoniazidi, dawa ya kifua kikuu.

Dawa hii ilizaliwa bila ya kazi. Mwaka 1912, katika mji wa Prague, wanakemia wawili, Hans Meyer na Josef Mally, waliiunda kwa ajili ya elimu tu, wakaiandika katika makala yao pamoja na ndugu zake wengine wa maabarani, kisha wakaendelea na shughuli zao wala wasiwe na habari ya kile walichokishika mikononi. Ikalala kitabuni miaka 40, vita vikuu viwili vikapita juu yake, na mamilioni ya watu wakafa kwa maradhi ambayo ingaliweza kuyazuia. Kisha, kama ambavyo hutokea mara nyingi katika historia ya elimu pasipo mtu kuweza kueleza sababu, makampuni matatu yasiyoshauriana, Bayer ya Ujerumani, Squibb na Hoffmann-La Roche, yaliigundua nguvu yake karibu kwa wakati mmoja, na mwaka 1952 ulimwengu ukatangaziwa. Katika hospitali ya Sea View, katika kisiwa cha Staten mjini New York, wagonjwa waliokwisha kukatiwa tamaa na jamaa zao walirudishiwa hamu ya chakula, wakanenepa, na magazeti yakatoa picha zao wakicheza dansi wodini. Na kwa kuwa dawa yenyewe ilikwisha kuchapishwa tangu 1912, hakuna aliyeweza kujitwalia hati ya kuimiliki; ndiyo sababu moja ya bei yake kuwa nafuu mpaka leo, na mimi siachi kuwashukuru mabwana wale wa Prague kwa ukarimu ambao hawakuukusudia.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tuna fungu letu katika kisa hiki, ingawa vitabu vya shule havilitaji. Kuanzia mwaka 1970, hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, zikishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, ziliwapa wagonjwa wa kifua kikuu matibabu ya miezi 6 badala ya yale ya miezi 18 yaliyokuwa desturi, zikichanganya aisoniazidi na sindano za streptomaisini, na kuongeza juu yake ama rifampisini ama pirazinamidi. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1972, nayo yalionyesha kwamba miezi 6, kwa mchanganyiko uliochaguliwa vema, yatosha, na wanaorudiwa na ugonjwa ni wachache. Kila mgonjwa popote duniani ambaye leo anamaliza dozi yake ndani ya nusu mwaka anafuata nyayo za wagonjwa wale waliolala katika wodi zetu.

Sasa tafadhali liwekeni jambo hili akilini. Hata siku ile ambapo makala ya Lancet yalipigwa chapa, miaka 60 baada ya kuundwa kwa dawa na miaka 20 baada ya kuanza kutumika, hakuna aliyejua kwa yakini ni mahali gani ndani ya bakteria aisoniazidi inapopiga. Ilijulikana kwamba inaua, na kwamba huua kifua kikuu na si maradhi mengine, basi. Elimu ya umbo ilikuwa bado iko njiani.

Elimu hiyo ni ya nini? Kila kiumbe hai, akiwemo bakteria, huendesha maisha yake kwa protini, na protini ni mnyororo wa vipande viitwavyo asidi amino, ambavyo aina zake ni 20 tu, lakini mpangilio wake hauna ukomo. Mnyororo huo haubaki umenyooka. Mara unapotoka kiwandani mwake ndani ya seli hujikunja, hujisokota na kujifumba mpaka upate umbo lake maalumu, lenye mashimo, mabonde na pembe, na katika umbo hilo ndimo kazi yake ilimo: shimo hili hushika sukari, bonde lile huvunja sumu, pembe ile hujenga ukuta. Bakteria wa kifua kikuu, ambaye orodha nzima ya urithi wake ilisomwa mwaka 1998 na wataalamu wa Uingereza na Ufaransa wakiongozwa na Stewart Cole, ana jeni zipatazo 4,000, na aghalabu ya jeni hizo ni maagizo ya kuunda protini moja moja. Anayetaka kumwua bakteria bila ya kumdhuru mgonjwa hana budi achague mojawapo ya protini hizo ambayo bakteria hawezi kuishi bila yake na mwanadamu hana, kisha aizibe.

Lakini ataizibaje ikiwa hajaiona? Kwa muda mrefu njia ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya mashaka: kuigandisha protini mpaka iwe fuwele, kuipiga miali ya eksirei, na kuyasoma madoa yanayoachwa na miali hiyo kwa hesabu ndefu. Kwa njia hiyo Bibi Dorothy Hodgkin wa Oxford alilifumbua umbo la penisilini mwaka 1945, nayo penisilini ni molekuli ndogo tu, si protini. Protini ya kwanza, ile ya misuli, ilisubiri mpaka John Kendrew alipotoa sura yake ya awali mwaka 1958. Mwaka 1965 David Phillips na wenzake wakapata umbo la laisozaimu ya yai la kuku, kimeng'enya kinachoharibu ukuta wa bakteria, ambacho aina yake iligunduliwa na Alexander Fleming yule yule wa penisilini mwaka 1922. Hazina ya maumbo ya protini ilipofunguliwa huko Brookhaven, Marekani, mwaka 1971, ilianza na maumbo 7. Saba, wasikilizaji, kwa ulimwengu mzima.

Katika zama hizo hizo Christian Anfinsen alikwisha kuonyesha kwamba mnyororo wa protini ukikunjuliwa kwa dawa kali na kisha kuachiwa, waweza kujikunja tena wenyewe na kurudi katika umbo lake, jambo lenye maana kubwa sana: umbo lote limeandikwa ndani ya mfuatano wa asidi amino, wala hapatakiwi fundi mwingine. Alitunukiwa Nobeli kwa kazi hiyo mwaka 1972. Basi ikiwa umbo limo katika mfuatano, mtu mwenye hesabu ya kutosha angeweza kulitoa humo bila ya fuwele wala eksirei. Ila Cyrus Levinthal alikwisha kuwatia watu baridi, alipokokotoa kwamba idadi ya maumbo yanayowezekana kwa mnyororo mmoja wa kawaida ni kubwa hata ukiyajaribu yote moja moja, kwa kasi kubwa mno, umri wa ulimwengu hautatosha. Protini yenyewe hujikunja kufumba na kufumbua.

Tangu 1994 wataalamu wakafanya mashindano kila baada ya miaka miwili, ya kubashiri maumbo ambayo yalikwisha kupatikana maabarani lakini hayajatangazwa, na kwa robo karne ushindi ulikuwa wa hatua ndogo ndogo, mpaka mwaka 2020 programu iitwayo AlphaFold, ya kampuni ya DeepMind ya London, ilipotoa maumbo ambayo mengi yake yalikaribiana sana na yale ya eksirei. Mwaka 2022 maumbo zaidi ya milioni 200 yaliwekwa wazi, bure, yakiwemo ya bakteria wa kifua kikuu, na mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper wa kampuni hiyo, pamoja na David Baker wa Seattle, wakapewa Nobeli ya kemia. Yafaa kueleza, kwa kuwa jambo hili husemwa vibaya, kwamba programu hiyo haikukaa ikakokotoa nguvu zote za maumbile tangu mwanzo. Ilifunzwa kwa maumbo yaliyokwisha kupatikana kwa jasho la miaka 50, tena husoma mifuatano ya protini za viumbe vingi vyenye ujamaa na kutazama ni vipande gani hubadilika pamoja, maana vipande viwili vinavyobadilika pamoja katika viumbe mbalimbali aghalabu hugusana ndani ya umbo. Kwa maneno mengine, Bibi Hodgkin na wafuasi wake hawakuondolewa kazini, wamekuwa walimu.

Haya, umbo tunalo. Tuingie katika utengenezaji wa dawa. Mwaka 1894 Emil Fischer, mkemia wa Ujerumani, alisema kwamba kimeng'enya na kitu kinachokishughulikia hulingana kama kufuli na ufunguo, na tangu hapo watu hawajaacha kusema hivyo. Juu ya fikra hiyo Irwin Kuntz na wenzake wa San Francisco waliandika mwaka 1982 programu ya kwanza ya kuzipachika molekuli ndani ya mashimo ya protini: kompyuta huichukua molekuli, huigeuza huku na huku ndani ya shimo, huhesabu wapi chaji hasi imekabiliana na chanya, wapi mafuta yamekutana na mafuta, wapi pamebana na wapi pamebaki pengo, kisha hutoa alama. Siku hizi mtu aweza kuzipitisha molekuli milioni nyingi katika usaili huo kwa siku chache, akabaki na mia moja za kununua na kujaribu. Baadhi ya programu hizo ni za bure, hata mwanafunzi wa Dar es Salaam au Eldoret mwenye kompyuta ya wastani aweza kuzitumia, na huo nauona kuwa uadilifu mkubwa katika elimu ambayo kwa kawaida hupenda wenye fedha.

Sasa turudi kwa aisoniazidi, tuisimamishe mbele ya msaili huyo.

Siri ya dawa hii ilianza kufunuka mwaka 1992, si kwa umbo bali kwa jeni. Ying Zhang na wenzake waligundua kwamba baadhi ya bakteria sugu kwa aisoniazidi wamepoteza jeni moja iitwayo katG, na kwamba wakirudishiwa jeni hiyo, dawa huwaua tena. Ajabu ilioje! Mara nyingi bakteria huwa sugu kwa kuibadili protini inayopigwa ili dawa isiishike. Huyu anakuwa sugu kwa kutupa kitu chake mwenyewe. Maana yake ni moja tu: KatG haikuwa shabaha ya dawa, ilikuwa mshirika wake. Miaka miwili baadaye kundi la William Jacobs huko New York likaitaja shabaha yenyewe, protini iitwayo InhA, yenye asidi amino 269, inayorefusha mafuta ambayo kwayo bakteria huyu hujijengea ukuta wake mzito wa nta. Mwaka 1995 umbo la InhA likapatikana kwa eksirei. Na mwaka 1998, wataalamu walipotazama fuwele ya InhA iliyozibwa na dawa, wakitaraji kuiona aisoniazidi imelala shimoni, hawakuiona aisoniazidi. Walikuta kitu kipya: kipande cha aisoniazidi kilichoungana na NAD, molekuli ya bakteria mwenyewe inayotumika katika kazi zake za kila siku.

Hivi ndivyo mambo yalivyo. Aisoniazidi inayomezwa na mgonjwa, yenye atomu 17 tu, ni kitu kinyonge. Huingia ndani ya bakteria bila ya kudhuru chochote. Humo KatG, ambayo kazi yake halali ni kuvunja peroksidi ambayo chembe zetu za ulinzi humwagia bakteria ili kumwunguza, huishika dawa na kuivunja kwa bahati mbaya yake. Kipande kinachotoka hapo, kikali kupita kiasi, huirukia NAD na kuungana nayo. Na muungano huo ndio unaokwenda kukaa katika shimo la InhA na kulifunga kwa nguvu. Bakteria anajitengenezea sumu yake kwa mikono yake. Mwanadamu hana KatG, na kwa hiyo seli zetu haziipiki sumu hii kwa njia ile.

Sasa fikirini, wasikilizaji. Tuseme hatuijui aisoniazidi, nasi tunalo umbo la InhA lililo safi kabisa, tuseme hata kamilifu, na tunazipitisha molekuli zote za dunia mbele yake ili tuchague. Itakapofika zamu ya molekuli ile ya Prague, programu itaitupa shimoni, itaigeuza, itaona ni ndogo mno kwa shimo kubwa, haikamati pembe wala ukuta, na itaipa alama hafifu. Itakataliwa. Na programu itakuwa imesema kweli! Aisoniazidi hakika haiishiki InhA. Kosa halitakuwa la umbo wala la hesabu. Litakuwa la swali, maana tuliiuliza protini moja peke yake juu ya jambo linalotendwa na seli nzima. Dawa iliyookoa watu wengi kuliko nyingi zilizopata kuundwa ingeanguka katika usaili wa kwanza, na hakuna ambaye angejua.

Mtu aweza kusema kwamba hicho ni kisa kimoja cha shani, na kwamba dawa nyingine hufuata mwendo wa kawaida. Naam, nyingine hufuata. Lakini mwaka 2022 kundi la James Collins wa chuo cha MIT, watu ambao si maadui wa kompyuta hata kidogo, lilichapisha jaribio lililonifanya nipunguze shangwe. Walichukua molekuli 218 zilizothibitika kuzuia ukuaji wa bakteria wa E. coli, na maumbo ya AlphaFold ya protini zake 296 zilizo za lazima kwa uhai, wakaiachia programu ya kupachika iseme ipi inashika ipi. Kisha wakapima ukweli maabarani kwa protini 12. Katika kipimo ambacho 1 ni ukamilifu na 0.5 ni kurusha shilingi hewani, wastani wa ubashiri ulikuwa 0.48. Walipotumia mbinu nyingine za mashine za kusahihisha alama, ulipanda ukafika hadi 0.63. Na lenye kufundisha zaidi ni kwamba maumbo ya eksirei hayakufanya vizuri kuliko ya AlphaFold. Basi umbo halikuwa na lawama. Lawama ni ya hatua inayofuata, kwa kuwa protini hai haitulii; hupumua, hufungua mdomo na kuufunga, huzungukwa na maji na chumvi, na shimo linaloonekana katika picha laweza kuwa halipo nukta inayofuata.

Msinidhanie kwamba natweza umbo. Natweza haraka. Umbo linaloulizwa swali lililopevuka hujibu kwa ufasaha wa kustaajabisha, na mfano mzuri ni usugu wenyewe. Wengi wa bakteria sugu kwa aisoniazidi wanaokutwa kwa wagonjwa hawajaipoteza KatG yote; wamebadili asidi amino moja tu, ya 315, kutoka serini kuwa threonini, badiliko la atomu chache ndani ya mnyororo wa asidi amino 740. Umbo la KatG lilipopatikana, ilionekana kwamba nafasi ya 315 iko penye ujia mwembamba unaoelekea moyo wa kimeng'enya, ambapo ndipo dawa hupita. Threonini ni nene kidogo kuliko serini, nao ujia hubana. Peroksidi, iliyo ndogo zaidi, bado hupita na kuvunjwa; aisoniazidi hukwama. Kwa hiyo bakteria amebaki na ngao yake na amemfukuza mshirika wa dawa. Hakuna kiasi cha takwimu za hospitali ambacho kingalieleza hilo kwa uwazi ule.

Kutokana na maarifa hayo zimefuatwa njia mbili. Ya kwanza ni ya wazi: kutafuta molekuli itakayoishika InhA moja kwa moja bila ya kuhitaji KatG, na zimeundwa nyingi, nyingine kwa kuigiza triklosani, dawa ya kuulia vijidudu iliyokuwa ikitiwa katika sabuni na dawa za meno, ambayo nayo huziba protini ya jamii hiyo. Mpaka sasa hakuna hata moja iliyofika kwa mgonjwa kama dawa iliyoidhinishwa, kwa maana kuziba shimo katika bomba la maabara ni jambo moja, na kupenya ukuta wa nta na kudumu katika damu bila ya kudhuru ini ni jambo jingine.

Njia ya pili ni ya werevu zaidi, nami naipenda. Ipo dawa nyingine ya zamani, ethionamidi, binamu wa aisoniazidi, ambayo waliotibiwa kifua kikuu sugu huikumbuka kwa kichefuchefu chake. Nayo pia ni kitu kinyonge mpaka iamshwe na kimeng'enya cha bakteria, kiitwacho EthA. Lakini bakteria hukiunda kimeng'enya hicho kwa uchache, kwa sababu protini nyingine, EthR, huikalia jeni yake na kuizuia isisomwe. Wataalamu wa Lille, Ufaransa, hawakuuliza ni molekuli gani itamwua bakteria. Waliuliza ni molekuli gani itamwondoa EthR kitini. Umbo la EthR likaonyesha shimo refu lenye asili ya mafuta. Wakaunda molekuli za kulijaza. Protini ikajipinda, ikaachia jeni, na mwaka 2009 walitangaza kwamba panya waliopewa molekuli hiyo pamoja na ethionamidi walihitaji dawa pungufu. Molekuli zenyewe hazimdhuru bakteria hata chembe. Humfanya aipike sumu kwa bidii.

Kisha wakaendelea kuzijaribu molekuli za ukoo huo juu ya bakteria hai, wakakuta kwamba baadhi yake huamsha njia nyingine za kuipika ethionamidi, ambazo umbo la EthR lisingeweza kuzitaja, mojawapo ikitawaliwa na protini iitwayo VirS. Kutoka humo imepatikana alpibektiri, ambayo imekwisha kuingizwa katika majaribio ya wagonjwa huko Afrika Kusini pamoja na ethionamidi, ili ipimwe kama kipimo kidogo cha dawa ile ya kichefuchefu chaweza kutenda kazi ya kipimo kikubwa.